Matundu Manane Yaliyobaki

Jumapili moja ya Februari, saa nane mchana, upepo wa kaskazi umelala na feni inapuliza joto tupu, nilifika mwisho wa mshono wa kwanza wa mkoba wangu nikakuta ubavu umebakisha matundu manane yasiyo na wenzao. Kipande cha mbele kilikuwa kimekwisha. Ubavu, yaani ule ukanda mrefu unaopita upande huu, chini na upande wa pili ili mkoba upate tumbo, ulikuwa unaning'inia kama ulimi wa mbwa aliyekimbizwa. Ulizidi sentimita tatu na ushei, umetobolewa vizuri kabisa, na pa kuushonea hapakuwepo.

Nilihesabu mara tatu. Mbele, matundu 160. Ubavu, 168.

Na si kwamba nilikuwa nabahatisha. Nilikuwa na kiolezo, tena cha kununua kwa pesa zangu: kurasa tisa, karibu kila kipande kimechorwa na mstari wake wa kukata, mstari wa kukunja na mstari wa kushonea. Hicho kiolezo ndicho ninachotaka kukizungumzia leo, kwa sababu hapa Mombasa kina sifa mbaya, na nadhani kinasingiziwa.

Kwetu fundi wa kusifiwa ni yule anayekata kwa kichwa. Marehemu shangazi yangu alishonea nusu ya Majengo. Kipimo chake kilikuwa shubiri, jicho, na kipande cha chaki kilichokwisha hadi ukashangaa anakishika vipi. Bibi harusi angeingia mlangoni, shangazi akamtazama anavyovua viatu, basi keshajua mabega yake. Siku aliponiona nimetandaza karatasi sakafuni nakata kitambaa cha mto aliniuliza, "Na biriani pia wapika kwa kusoma?" Nikakunja karatasi zangu. Miaka mingi ikapita kabla sijazikunjua tena, na nilipozikunjua ilikuwa kwa ngozi, kitu ambacho hata yeye hakukigusa.

Ngozi haisamehe, na hiyo ndiyo tofauti yake na kitambaa. Kitambaa ukikosea unafumua, unapiga pasi, unashona upya, na hakuna atakayejua ila wewe na Mola wako. Ngozi ukiitoboa imetoboka. Kila tundu ni la kudumu, na sindano ikishapita mahali alama yake haifutiki. Kwa hivyo ukiwa mgeni wa kazi hii unahitaji mtu aliyekwisha kukosea kabla yako, na kama hukupata bahati ya kukaa miguuni pake ukiwa mdogo, basi umpate katika karatasi.

Hesabu yenyewe niipitie, maana nilitumia wiki mbili kuielewa. Mbele, sentimita 28 kwa 21. Nyuma na mfuniko ni kipande kimoja kirefu, 28 kwa 47: kinapanda mgongoni, kinapita juu, kinashuka mbele. Ubavu, 8 kwa 67.4. Mkanda wa begani, 4 kwa 120. Hiyo 67.4 ilinisumbua. Upande 21, chini 28, upande wa pili 21, jumla ni 70. Hizo nyingine zimekwenda wapi? Jibu liko kwenye kona. Kona za chini zimeviringwa, na ukifuata duara badala ya pembe unakata njia. Kwa duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 3 kila kona inakupunguzia kama sentimita 1.3, na kona ni mbili. Nilipopata jibu hilo usiku, kwa uzi na kalamu, nilifurahi kana kwamba nimegundua kisiwa.

Ngozi huuzwa kwa futi za mraba, hata sasa ambapo kila kitu kingine tunakipima kwa mita. Futi moja ya mraba ni sentimita za mraba 929. Vipande vyangu vyote vilikuja kama 2,900, yaani futi tatu na kidogo. Muuzaji wa Nairobi, pale Kariokor, akanisikiliza kwenye simu hadi mwisho kisha akaniambia nichukue sita. Nikadhani ananipiga. Mzigo ulipofika na basi, nikaupokea Mwembe Tayari na kuukunjua nyumbani, ndipo nilipoelewa. Ng'ombe hakuzaliwa mstatili. Kuna kovu la kupe hapa, mkwaruzo wa mwiba pale, na karibu na paja chapa ya mwenyewe imeungua hadi ndani. Ngozi ya tumboni inanyumbuka kama mpira. Mkanda ukiutoa huko, baada ya mwezi mkoba utakuwa unakugonga magotini. Ya mgongoni ndiyo iliyokaza. Kwa hivyo unaweka vipande vyako vya karatasi juu ya ngozi na kuvizungusha na kuvizungusha, mkanda sambamba na uti wa mgongo, mbele na mfuniko mahali pasafi, na makovu unayapeleka kwenye vipande vya ndani ambavyo hakuna atakayeviona. Mimi kovu moja dogo niliacha lionekane, kwenye mfuniko. Nililipenda.

Aina ya ngozi nayo ina maneno yake. Kudabaghi ngozi, yaani kuiivisha isioze, siku hizi hufanywa zaidi kwa chumvi za kromu: siku moja au mbili imekwisha, inatoka na rangi ya samawati iliyopauka kabla ya kutiwa rangi nyingine, na inakuwa laini, haiogopi maji sana. Viatu na mikoba mingi ya dukani ni hiyo. Njia ya zamani ni ya magome ya miti, yenye ule ukakasi unaoufahamu ukitafuna ganda la komamanga, na inachukua wiki kadhaa hata miezi. Ngozi hiyo inatoka ya rangi ya udongo, inasimama yenyewe, ukiilowesha unaifinyanga na ikikauka inashika umbo ulilolipa. Kwa mkoba wa kusimama unataka hiyo. Kuijua ni rahisi: iangushie tone la maji. Ya magome inalinywa na kuacha doa jeusi jeusi kwa muda. Ya kromu mara nyingi inalitazama tu.

Magome yanayotumika sana kwetu ni ya muwati, mti uliotoka Australia ukapandwa huko bara kwenye baridi. Lakini kila ninapovuka daraja la Nyali na kuiona mikoko, huwa nakumbuka kwamba pwani hii nayo iliwahi kuuza magome ya mkoko ng'ambo kwa kazi hiyohiyo ya ngozi, na kwamba wavuvi walikuwa wakilowesha nyavu na matanga katika maji ya magome hayo yasiozeshwe na bahari. Leo mikoko tunaihitaji ibaki pale ilipo. Ila harufu ya ngozi yangu mpya, ile harufu ya chai iliyosahauliwa kwenye birika, si ngeni kabisa kwa mtu wa pwani.

Basi turudi kwenye matundu manane.

Jumatatu yake baada ya kazi nilipitia Mji wa Kale, kwenye vichochoro vya nyuma ya Kibokoni, kwa mzee mmoja anayeshona makubadhi. Nilimfahamu kwa sababu baba alikuwa mteja wake. Kibanda chake ni upana wa mlango na nusu: yeye, kigogo cha kugongea, debe la maji, na ukuta uliojaa misumari. Nilimsalimia, nikamtolea mkoba wangu kwenye mfuko wa nailoni kama mtu anayemtolea daktari mtoto mgonjwa.

Aliugeuza. Alivuta mshono kwa ukucha. Akauinua ule ulimi wa ubavu, akauachia.

"Mshono mzuri," akasema. "Nani alokupa vipimo?"

"Karatasi, mzee wangu."

"Na karatasi yenyewe uliipima?"

Sikuelewa. Karatasi ndiyo ya kupimia; nayo inapimwa? Akaniambia nimletee. Nilikuwa nayo kwenye mkoba wangu wa kazini, nikaikunjua juu ya goti. Alivaa miwani, akapitia kurasa zile zilizoandikwa kwa Kiingereza asichokisoma, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye pembe ya ukurasa wa kwanza, kwenye kijisanduku nilichokiona mara mia na kukidhania ni pambo. Chini yake kwa herufi ndogo kulikuwa na maneno kwamba kila upande wa kisanduku hiki uwe sentimita 5.

Mzee akaweka rula yake ya chuma. Milimita 47 na nusu.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Aliyechora kiolezo kile yuko Marekani, na karatasi zao si zetu. Yao ina upana wa milimita 216 na urefu wa 279. A4 yetu ni 210 kwa 297, nyembamba zaidi na ndefu zaidi. Nilipokwenda kuchapa kwenye saiba, mashine ikaona mchoro mpana kuliko karatasi, ikaupunguza ili utoshe na bado uache nafasi pembeni. Ikaupunguza kwa adabu, bila kelele, hadi asilimia 95. Kijana wa saiba hakuwa na kosa. Aliniuliza kama niko sawa nami nikamwambia chapa tu. Mbele, nyuma na mfuniko vikatoka vidogo vyote kwa pamoja, vinafanana, vinalingana, kwa hivyo macho hayakushtuka. Ubavu na mkanda wa begani peke yake havikuchapwa. Vilikuwa virefu mno, kwa hivyo kiolezo kilitoa namba tu, ubavu 8 kwa 67.4, nami nikaukata kwa rula, sahihi kabisa. Yaani kipande kilichokuwa sahihi ndicho kilichoonekana kina kosa. Asilimia 95 ya 67.4 ni 64. Toa, unapata sentimita 3.4. Kwa matundu niliyoyapima mwenyewe, yaliyopishana milimita 4, hayo ni manane, na chembe inabaki.

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Kata."

"Nikate tu?"

"Wataka ubaki vivyo hivyo? Kata. Mkoba utakuwa mdogo. Kuna mtu alokwambia hutaki mdogo?"

Akaukata yeye mwenyewe, kwa kisu kilichonolewa hadi kimebaki ubapa wa kidole, mkato mmoja tu. Mimi nilikuwa nimepanga kuomboleza ule ukanda wiki nzima.

Wakati akinoa kisu tena ndipo nikautazama ukuta vizuri. Kwenye kila msumari kulikuwa kumetundikwa nyayo. Nyayo za kadibodi, zimetobolewa kisiginoni na kupachikwa kama funguo za hoteli: za boksi la biskuti, za boksi la sabuni, nyingine zimechakaa hadi rangi ya ngozi yenyewe. Kila moja ina jina kwa kalamu ya wino. Nikazihesabu hadi arubaini nikaacha.

"Mzee, hizi ni violezo."

"Ni miguu," akasema. "Mtu akija mara ya kwanza namkanyagisha, nachora, nakata. Akija tena hana haja ya kuvua kiatu." Akanionyesha kwa kisu. "Huyu yuko Lamu, hutuma mtu. Huyu ashakwenda mbele ya haki. Na huyu."

"Mbona hutupi?"

Akafikiri. "Huyu alikuwa na mguu mzuri."

Nilikaa pale hadi adhana ya magharibi nikimtazama akishona. Yeye hatumii sindano mbili kama mimi. Ana maharazi yenye mdomo kama ndoana ndogo: anatoboa, anadaka uzi kwa chini, anauvuta kitanzi, anapitisha uzi wa pili ndani yake, anakaza. Dakika kumi amekwenda mahali ambapo mimi ningekwenda saa nzima. Mshono wangu ni ule wa uzi mmoja na sindano mbili, moja kila ncha, zinapishana katika kila tundu, hii inakwenda kulia na ile kushoto. Unakata uzi mara nne ya urefu wa mshono. Kwa sentimita 64 nilikata mita mbili na nusu, nikaupitisha kwenye nta ya nyuki hadi ukawa unanata, na kila mvuto mikono inafunguka kama mtu anayeswalisha mbio. Ni wa polepole mno. Faida yake ni kwamba uzi ukikatika mahali pamoja ule mwingine bado umeshika, hali mshono wa vitanzi ukikatika mmoja unaweza kufumuka na jirani zake. Nilimweleza mzee hivyo, kwa fahari kidogo. Akasema, "Ndiyo. Lakini mtu wa makubadhi ataka kesho asubuhi."

Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana mkoba wangu sitauuza kwa bei ya saa zilizoingia. Nilizihesabu: saa ishirini na sita, bila ile ya kulalamika.

Nilipoondoka alinipa jambo moja jingine, na hili kiolezo hakikulisema popote. Aliona kwenye karatasi kuna alama ya mahali pa bizimu, msalaba mdogo mweusi. Akaufunika kwa kidole gumba. "Hii usiifuate. Karatasi haina unene. Bizimu utalijua mkoba ukishasimama."

Nyumbani nikajaribu kuelewa kwa kukunja vipande. Ukikunja karatasi, ndani na nje ni urefu mmoja. Ukikunja ngozi ya milimita mbili kwa pembe ya mraba, upande wa nje unasafiri milimita tatu zaidi kuliko wa ndani. Mfuniko unakunjwa mara mbili, unapotoka mgongoni na unaposhuka mbele, kwa hivyo tayari umepoteza hadi milimita sita ambazo karatasi haina habari nazo. Na kwangu mimi kulikuwa na la ziada: sehemu ya juu ya mfuniko ilikuwa imepunguzwa hadi milimita 76 wakati ubavu ulibaki na 80 zake. Kama ningetoboa pale penye msalaba, bizimu na mkanda wake visingekutana.

Sasa nije kwenye kosa ambalo ni langu peke yangu, ambalo siwezi kumsukumia Mmarekani wala mashine.

Ili mfuniko ushike mkunjo unailowesha ngozi kwa sifongo, unaikunja, unaiwekea uzito, unaiacha ikauke. Nilitafuta kitu kizito. Nyumbani kwa mama kuna pasi ya mkaa ya bibi, ile yenye jogoo mbele, imekaa juu ya kabati kama kumbukumbu tu. Nikaiweka juu ya ngozi mbichi, nikalala. Asubuhi nikainua pasi nikakuta umbo lake limechorwa kwenye mfuniko, buluu iliyokoza hadi kuwa nyeusi, ukingo wake umekatika vizuri kama muhuri wa serikali.

Chuma na ukakasi wa magome havikai pamoja bila kuzaa weusi. Wino wa kale wa Ulaya ulitengenezwa hivyohivyo, kwa chuma na ukakasi wa miti, na wapo mafundi wanaolowesha misumari yenye kutu katika siki kwa makusudi ili wapate dawa ya kuitia ngozi weusi usiotoka. Mimi nilikuwa nimetengeneza wino bila kutaka. Niliketi kitandani na mfuniko mapajani nikafikiri kuupaka wote mweusi na kusema ndivyo nilivyokusudia.

Dawa ikatoka jikoni. Maji ya limau, kwa pamba, polepole, doa likaanza kurudi nyuma mbele ya macho yangu: kutoka weusi hadi kijivu, kutoka kijivu hadi kivuli. Nikaifuta kwa maji safi, nikaikausha kivulini, nikapaka mafuta kidogo. Ukiniuliza mkoba uko wapi na ukautazama kwenye mwanga wa pembeni, utaiona ncha ya pasi chini ya lile kovu la ng'ombe. Tangu siku hiyo uzito wangu ni tofali lililofungwa kwenye leso kuukuu.

Mengine yalikwenda upesi. Ukingo ndio uliochukua muda, lakini kazi yake haina hadithi: unakata ncha, unasugua kwa msasa, unalowesha, unasugua kwa kipande cha mbao hadi ung'ae, unarudia, unarudia, mkono unakufa ganzi, unarudia. Mshono wa nyuma ulitoka matundu 160 kwa 160. Lilipoingia la mwisho nilipiga kofi peke yangu. Bizimu nikalipima mkoba ukiwa umesimama mezani na umeshindiliwa magazeti tumboni, nikatoboa milimita tisa kutoka palipokuwa na msalaba. Milimita tisa! Kwa ukubwa wa bizimu lenyewe hizo ni safari.

Bizimu na pete ni za shaba. Katika hili msinibishie. Za chuma kilichopakwa rangi ya fedha zinapendeza dukani na ni rahisi, lakini sisi tunaishi ndani ya maji ya chumvi. Hewa yenyewe ina chumvi. Nimekuwa na mkoba ambao baada ya mwaka mmoja bizimu lake lilikuwa linaacha kutu kwenye kanzu nyeupe ya kila aliyekaa karibu nami kwenye matatu. Na hiyo kutu, kwenye ngozi ya magome, mmekwisha kuona inafanya nini.

Masika yakaja na somo lake. Mvua za Aprili, nguo hazikauki, kabati lina harufu ya pango, na asubuhi moja mkoba ukawa na manyoya ya kijani kibichi kwenye mkanda. Ukungu. Kosa ni kwamba nilikuwa nimeuhifadhi vizuri mno: ndani ya mfuko wa nailoni, umefungwa, usipate vumbi. Ngozi inataka kupumua, na nailoni kwa hali yetu ya hewa ni shamba la ukungu. Nikaufuta kwa siki iliyochanganywa na maji, nikauanika kwenye upepo, kivulini, maana jua la moja kwa moja litaukausha hadi upasuke. Sasa unakaa umetundikwa kwenye msumari mlangoni, ndani ya foronya ya pamba siku za mvua. Mafuta ya nazi nayo nilijaribu, kama kila mtu wa pwani atakavyokushauri. Yaliingia vizuri, yakaiongeza weusi zaidi ya nilivyotaka, na kwa siku nne nikawa nanukia mahamri. Kidogo sana, basi.

Nasema unakaa mlangoni, lakini si mlangoni kwangu. Mama aliuchukua. Alikuja kunitazama, akauona, akaujaribisha begani mbele ya kioo, akatia msahafu wake ndani, ukaingia barabara kwa ubavu, akatia miwani, akatia leso ya kujifutia, akafunga bizimu. "Huu nauazima," akasema, na sote wawili tulijua maana ya kuazima. Kiolezo kamili kingekuwa kikubwa kwake. Yeye ni mfupi, na mkoba wa sentimita 28 ungemkaa kama sanduku la posta. Huu wa 26 na nusu umemkaa.

Darsani wanawake wakauzunguka. Wiki ya pili nikapigiwa simu na rafiki yake mmoja, mtu mzima ambaye tangu utotoni namwita Mama Mkubwa, akiutaka. Nikamwambia nitamtengenezea mzuri zaidi, sasa najua kuchapa sawasawa, wa kipimo chenyewe.

"Sitaki wa kipimo chenyewe," akasema. "Nataka kama wa mamako. Usiongeze, usipunguze."

Kwa hivyo kile kiolezo kipya, nilichokichapa kwa asilimia 100 na kukipima kisanduku chake mara nne, kimekaa kwenye faili hakijaguswa. Nilichukua zile karatasi za kwanza, zilizokosewa, nikazibandika juu ya kadibodi ya boksi la televisheni, nikakata kwa kisu. Ubavu nikauandika kwa namba mpya, 64, na bizimu sikuliweka alama.

Nikazipeleka kwa mzee kuomba anitobolee kona, kwa sababu chombo changu cha kutobolea ni kidogo kwa kadibodi nene. Alizitazama moja moja. Akazipitisha kamba, akafunga fundo, akasimama juu ya kigogo na kuzitundika kwenye msumari wake wa pembeni, baina ya mguu wa mtu wa Lamu na mguu mzuri wa marehemu. Nikamwambia mzee, hizo ni zangu, nazihitaji Jumamosi.

"Utakuja kuzichukua," akasema. Akachukua kalamu. "Niandike za nani?"

Nikafikiri nimwambie za Mama. Nikamwambia aandike asilimia 95. Akaandika Mama.